Mdalasini Bado Mtoto

4 Februari

Mwanangu Kijiti,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na kwamba siku hizi unakula ukiwa umekaa, si wima kama punda aliyefungwa mlangoni. Mimi sijambo. Goti la kulia linaendelea kunipa habari za mvua kabla ya redio. Mama yako alipita Jumapili, akanisaidia kushusha mapazia tukayafua. Alicheka aliponisikia bado nakuita Kijiti na wewe umeshakuwa daktari wa mifugo mwenye koti jeupe. Nikamwambia koti halinenepeshi mtu.

Simu zako napokea na zinanifurahisha, lakini kwenye simu unanichekesha, na nikishakata naona nilichotaka kuuliza sijakiuliza. Ndiyo maana naandika. Karatasi haicheki.

Nyumba hii ni kubwa kuliko nilivyodhani. Baba yako mkubwa hakuwa mtu wa kelele, lakini alikuwa na visauti vyake: funguo, kikohozi, kile kijiko alichogonga ukingoni mwa kikombe kana kwamba anaita kikao. Asubuhi bado nachemsha chai ya watu wawili. Ya pili nampa fundi seremala wa jirani, ambaye sasa anadhani nampenda.

Cherehani ya ngozi inanishika mkono. Nimemshonea Mdalasini, farasi wetu mchanga, hatamu ya ngozi laini, na pale panapopita juu ya pua nimeweka manyoya ya kondoo, maana baba yako mkubwa alisema ana ngozi nyepesi hapo. Fundi kwato atakuletea akija huko kwenu kwa kazi yake. Niambie kama inamtosha. Na zaidi niambie amefika wapi na tandiko. Nilipokukabidhi, baada ya mazishi, tulikubaliana hivi: utamzoesha tandiko taratibu, asipandwe na mtu mzito mpaka atimize miaka mitatu, kisha arudi nyumbani. Hiyo miwili yenyewe ameitimiza juzijuzi. Mama yake alikufa akimzaa, na baba yako mkubwa akamlea kwa chupa mpaka koti lake likawa linanuka maziwa. Siku moja aliniambia, bila haya, kwamba sasa mimi ni wa pili.

Ukiingia bandani kwake usisahau hodi. Baba yako mkubwa alikuwa akisimama nje ya mlango, anasema hodi, na haingii mpaka Mdalasini ageuze kichwa. Wenzake pale shule ya wapanda farasi alikofanya kazi walimcheka mpaka wakachoka. Yeye alisema tu, ni chumba chake.

Nakutakia kazi njema.

Mama mkubwa wako


19 Machi

Mama mkubwa, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Msimu wa kupandisha umeanza, na farasi majike wote wameingia joto pamoja kana kwamba wamepigiana simu. Kula nakula, tena kwenye kiti, mashahidi ninao. Kuhusu fundi seremala sisemi neno, ila ukipanga tarehe nijulishe mapema niombe likizo.

Mdalasini hajambo kabisa. Manyoya yanang'aa na mwili umejaa. Mtunza banda wetu, mzee tunayemwita Ndevu ingawa hana hata unywele mmoja kidevuni, anasema hajawahi kushika mtamba mpole kama huyu. Bosi mwenyewe alikuja kumwona. Alipotazama ukoo wa mama yake, yule jike aliyekuwa akiruka vizuizi kama anaruka dimbwi la maji, aliniita ofisini akasema nimeleta almasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa ofisini bila kugombezwa. Unajua hali yangu hapa. Kati ya madaktari mimi ndiye mdogo, na mwanamke peke yangu. Wale watatu wanapokezana kunieleza mambo niliyoyasoma darasa moja na wao.

Hatamu imefika na ni nzuri mno. Ndevu aliishika muda mrefu akauliza kama huyo fundi ana mume.

Hodi nasema kila siku. Hata wengine nimewafundisha.

Kazi inaniita. Nitaandika kwa kirefu msimu ukipungua. Busu goti kwa niaba yangu.

Kijiti


2 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kicheko. Sisi huku ni wazima. Mama yako ana mafua kidogo. Mwambie Ndevu kwamba fundi ana mume, ila hatoki nyumbani siku hizi.

Mara ya pili nimeisoma kwa kalamu mkononi. Umeniandikia kurasa mbili kuhusu Mdalasini: manyoya, mwili, upole, ukoo. Kuhusu tandiko hakuna hata mstari. Mimi niliuliza jambo moja tu.

Fundi kwato alipita hapa kunirudishia mkasi wangu. Nikampa chai, nikamwuliza, "Umemwona mtoto wetu?"

"Nimemwona, mama. Mzima."

"Anavaa tandiko?"

Akaanza kupuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. "Mgongo wake safi," akasema. "Hauna alama yoyote. Na ile hatamu yako imetundikwa ukutani ofisini, bado imo kwenye nailoni."

"Basi kwato zake umepunguzia wapi? Si uwanja wa mazoezi?"

"Nimepunguzia pale upande wa maabara, mama. Mengine muulize daktari. Mimi ni mtu wa miguu, sipandi juu ya magoti."

Nakuuliza basi, daktari. Farasi anayejifunza tandiko anafanya nini upande wa maabara? Kama ni mgonjwa, niambie. Nimeshazoea kuambiwa habari mbaya, siku hizi sianguki.

Mama mkubwa wako


11 Mei

Mama mkubwa, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mama ameniambia mafua yamepona, nashukuru.

Mdalasini si mgonjwa. Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza wateja, halafu unigombeze kama mwanao. Hapa tunazalisha farasi kwa kuhamisha viinitete. Jike mwenye damu nzuri anatiwa mbegu za dume bora kwa mrija, hakuna dume anayemkaribia. Baada ya wiki hivi kunakuwa na kiinitete, yaani mimba ikiwa bado ndogo kama chembe ya mchanga. Tunaingiza maji safi kwenye mfuko wa uzazi, tunayatoa, nacho kinatoka pamoja nayo. Tunakiweka kwa jike mwingine, mkubwa, aliyekwisha kuzaa, naye ndiye anayebeba mpaka mwisho. Mwenye damu habebi kitu, hanyonyeshi, haharibiki umbo. Tukimaliza tunampa sindano arudi kwenye joto mapema, na tunaweza kuanza tena.

Zamani walifanya hivi kwa majike wakubwa. Siku hizi wengi wanaanza na mitamba wa miaka miwili, kwa sababu umri huo bado hawana kazi na muda unapotea bure. Sisi hatukubuni. Mdalasini ametoa viinitete vitatu, na vyote vimeshika. Majike watatu hapa wanabeba watoto wake. Hakuna mtamba mwingine aliyefanya vizuri kama yeye. Wengine lazima tuwapige sindano ya usingizi au tuwabane mdomo. Yeye anasimama kimya. Naingia, nasema hodi, anatulia, naanza kazi.

Tandiko litakuja. Sikulisahau.

Najua utauliza kwa nini sikukuuliza. Nilikupigia simu kwa ajili hiyo. Ulipokea ukaniambia umekaa chini mbele ya kabati, umeshika viatu vyake, na hujui uvipeleke wapi. Ningeanzaje, mama mkubwa? Sikutaka kukuongezea.

Mwanao,
Kijiti


20 Mei

Mwanangu,

Sisi ni wazima. Leo salamu zitakuwa fupi.

Viatu bado ninavyo. Viko pale pale. Siku ile ulipopiga, kama ungeuliza, ningekujibu. Mtu aliyeshika viatu vya mumewe anaweza kusema hapana. Wakati ule lilikuwa ndilo neno pekee nililokuwa nalo tele. Usiufanye msiba wangu kuwa mlango wa kupitia, halafu uniambie ulipita kwa huruma.

Umeandika habebi kitu. Umeandika anatulia. Umejuaje? Kwa sababu anasimama kimya? Mimi pia nilisimama kimya makaburini, watu wakasema afadhali, amepoa.

Nilimwomba fundi kwato anieleze zile sindano za kumrudisha kwenye joto. Hakutaka, nikamwomba tena. Akasema kuna wanaotoka jasho mpaka tumboni na kukunjakunja miguu kwa muda, halafu inapita. Inapita, sawa. Kisha mnaanza tena. Hilo la mkono kuingizwa nyuma kila mara kupapasa kama yai limekomaa sikuhitaji kuelezwa na mtu. Nina umri, najua kinachofanyika.

Angekuwa jike mzima aliyekwisha kuzaa, ningekukasirikia kwa kutoniuliza, na yangekwisha. Lakini huyu bado ana meno ya utoto mdomoni. Mifupa haijakaza. Wewe mwenyewe ulikubali mtu mzito asimpande mpaka miaka mitatu kwa kuwa mgongo ni mchanga. Huo uchanga uliishia mgongoni tu? Kwamba hana kazi umri huu, na muda unapotea bure? Alikuwa na kazi. Alikuwa anakua.

Na hodi. Nimekaa na mstari ule tangu barua ifike. Baba yako mkubwa alimfundisha hodi ili ajue kwamba anayeingia atasubiri aruhusiwe. Wewe umeitumia ili asimame vizuri ufanye unachotaka. Nikuambie nini, Kijiti? Mtu aliyevunja mlango ningemwelewa zaidi.

Namtaka nyumbani. Andika siku, nitatafuta gari.

Mama mkubwa


9 Juni

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumai goti linaendelea vizuri.

Nimesoma. Sina la kujitetea ila naomba unielewe jambo moja. Bosi ameshawaahidi wateja viinitete vingine viwili vya Mdalasini. Alinipongeza mbele ya watu wote kwenye mkutano, na wale watatu walipiga makofi kwa vidole vya mkono mmoja. Nikimtoa katikati ya msimu nitakuwa nimewapa maneno ya mwaka mzima.

Nivumilie mpaka msimu uishe. Baada ya hapo nakuapia hatoguswa.

K.


3 Julai

Kijiti,

Nimekuja huko kwenu. Najua umeambiwa. Lakini nataka usikie kwangu.

Fundi kwato alinibeba kwenye pikapu yake Jumanne asubuhi. Mlinzi wa geti aliniuliza mimi ni mteja au mgeni. Nikasema ni mwenye mali. Akaandika mgeni. Ndevu akaja kunipokea, mtu mstaarabu, amevaa gambuti zilizomzidi. Akasema, "Mama, daktari wetu hayupo, ameenda kwenye mafunzo." Akasema akiwa anatazama gambuti.

Nikamwambia sikuja kwa daktari.

Alinipitisha kwenye lile banda refu lenye sakafu ya saruji. Pande zote mbili mitamba, vichwa nje, nywele za utosini bado zimesimama kama za watoto walioamka. Nilidhani ni shule. Nikamwuliza, "Hawa wote wanangoja kuzoeshwa tandiko?"

"Hawa wa maabara, mama. Wa tandiko wako kule ng'ambo."

"Wote hawa?"

"Bosi anapenda waanze mapema," akasema. Kisha akaongeza polepole, "Mimi natia majani tu, mama. Majani na maji."

Mdalasini alikuwa wa mwisho, karibu na kile kizimba cha chuma mnamowasimamisha mkifanya kazi yenu. Amenenepa, ni kweli. Umeandika anang'aa, na anang'aa kweli, sikukuti na uongo hapo. Alikuwa ameelekeza uso ukutani. Nikasimama nje ya mlango, nikaweka mkoba wangu chini, nikasema hodi.

Nilikuwa nangoja ageuze kichwa, mwanangu. Nilikuwa nimekwisha kutabasamu.

Alirudi nyuma. Alirudi mpaka makalio yakagonga ukuta wa pembeni, akapanua miguu ya nyuma, akateremsha kichwa, akasimama. Ngozi ya ubavuni ilikuwa inatetemeka kama inafukuza nzi, na nzi hawakuwepo. Hakupiga teke, hakulia. Alijipanga tu, kama mtu anayejua zamu yake imefika.

Ndevu akasema, "Samahani mama, hiyo ni salamu ya daktari. Sisi wengine hatuitumii, akiisikia anadhani ni kazi." Akasema kwa heshima, kama anayenikumbusha nivue viatu.

Sikuingia. Nilikaa kwenye rundo la majani.

Bosi wako akaja, ananukia sabuni. Akaniletea soda na kiti. Akasema, "Mama, huyu anaishi kama binti mfalme. Wenzake wa umri wake wanakimbizwa mashindanoni mpaka wanavunjika miguu. Hapa hafanyi lolote."

Nikamwambia, "Kwa hiyo mtoto asipopigwa, ashukuru kwa kuibiwa?"

Akacheka. Akasema nina maneno mazuri, nilikuwa mwalimu? Nikasema nashona ngozi. Akasema ooh, na akatazama saa yake.

Nikaomba kumchukua. Akasema hana kipingamizi, kila mtu ana haki na mali yake, lakini farasi aliye kwenye dawa haruhusiwi kutoka bila sahihi ya daktari anayemtibu. Na daktari anayemtibu yuko mafunzoni. Akasikitika sana. Soda niliiacha.

Nimerudi na mikono mitupu.

Sitakuandikia matusi. Nimekulea likizo zako zote, nakumbuka ulivyokataa kula siku tatu kwa sababu paka alikuwa amepotea, na baba yako mkubwa akazunguka mtaa mzima na tochi. Nilikuwa nangojea mtoto yule anijibu barua. Sahihi ni yako. Hakuna mtu mwingine wa kumwomba.

Mama mkubwa


22 Agosti

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimekaa muda mrefu bila kuandika na sitatafuta sababu.

Sikuwa kwenye mafunzo. Nilikuwa maabara, dirisha linalotazama banda. Nilipoona pikapu nilimwambia Ndevu aseme sipo. Alikataa, nikamwomba kwa jina la kazi yangu, akaenda. Niliona unavyoweka mkoba chini. Kioo ni kinene, sikusikia, lakini niliona mdomo wako, na nilijua ni neno gani. Nilimwona anavyorudi nyuma. Kila siku nilikuwa naona anavyojipanga na nilikuwa naita utulivu. Niliandika hivyo kwenye ripoti. Ulipokaa ulilipa mgongo dirisha, na bado niliona mabega yako yanavyoshuka.

Hata hivyo sikutia sahihi siku ile, wala wiki ile. Sikufichi. Nilijiambia kimoja zaidi na msimu unaisha.

Mara iliyofuata tulitoa maji na hayakuwa na kitu, yalikuwa na damu kidogo. Bosi akasema tuongeze dozi turudie. Mmoja wa wale watatu akasema mfuko wa uzazi wa mtamba unapona haraka, ndiyo faida yake. Alisema akiwa anakula mkate. Nikaenda bandani na sindano mfukoni. Nilisimama nje ya mlango wake kusema ile hodi, na haikutoka. Nikajaribu kuingia bila kuisema, na hiyo pia nikashindwa. Ndevu alikuwa anafagia. Akauliza, "Daktari, umepoteza kitu?" Nikamwambia fungua mlango mkubwa, nampeleka kwenye majani.

Nimemwambia Bosi hatatoa tena, kwa sababu za tiba, na nimezitaja zote kwa maandishi. Zilikuwa za kweli tangu mwanzo. Hakunifukuza. Amenihamishia kuosha vyombo vya maabara, kwa muda, anasema. Wale watatu wamenipa aproni.

Sahihi nimetia. Fundi kwato atamleta Ijumaa. Mimi sitakuja naye. Sina uso.

Watoto wake watatu watazaliwa mwakani. Kwa haki angalau mmoja ni wako, na hilo naweza kulipigania. Sema unamtaka, nitamleta akishaacha kunyonya. Na ukiweza, niambie kama umenisamehe. Usiponijibu nitaelewa.

Kijiti


15 Septemba

Mwanangu Kijiti,

Salamu. Mimi ni mzima, mama yako ni mzima, fundi seremala ameoa, na nimebaki na kikombe cha ziada.

Mdalasini amefika. Kushuka kwenye gari kulichukua asubuhi nzima, kwa sababu hakutaka mtu yeyote asimame nyuma yake, na sisi tulikuwa wawili tu, na pikapu ina upande mmoja wa kushukia. Mwishowe fundi kwato alikaa chini barabarani akawasha sigara, na mimi nikakaa kwenye jiwe la mpakani, tukaanza kusengenya watu. Umbea ulipofika kwa shemeji yake fundi, Mdalasini akashuka mwenyewe.

Nakueleza alivyo, kwa kuwa wewe ni daktari na utataka kujua. Anakula. Jasho halimtoki ovyo. Ukipita mbele yake hana neno. Ukipita nyuma anabana mkia na kutetemeka ubavu. Hodi nimeiacha kabisa, nimewakataza hata wageni wanaokuja kwangu wasiiseme kwa sauti upande ule. Wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Ninachofanya, napindua ndoo nje ya banda, nakaa na kazi yangu ya kushona, simwangalii. Siku nyingine anakaa ukutani mpaka mchana. Siku nyingine anakuja kunusa uzi. Tandiko halitamgusa mwaka huu, na mwakani tutaona atakavyotaka yeye.

Umeuliza kuhusu watoto. Moyo wangu uliruka, sitakudanganya, kwa sababu ni damu ya yule aliyenyonyeshwa na baba yako mkubwa. Lakini nikafikiri juu ya jike anayembeba mwaka mzima na atakayemzaa. Huyo hakuna aliyemwandikia barua. Mtoto ni wake. Ukitaka kunipigania jambo, pigania asinyang'anywe mapema.

Umeuliza kama nimekusamehe. Bado. Nilitaka kuandika ndiyo, nikaona mkono hauendi. Ulinitazama kupitia dirisha, Kijiti. Nikiwa nafua, nikiwa nakata ngozi, linanirudia. Siku nikiweza nitakuandikia, na utajua ni kweli kwa kuwa sijaandika mapema. Lakini kuja njoo. Sikusema usije. Chumba chako kina shuka safi, na sijamwambia mama yako la zaidi ya kwamba una kazi nyingi.

Sasa jambo lililonifanya nikae kuandika. Nilikuwa nadhani Mdalasini akishafika nyumbani hasira itaniisha. Haikuisha. Naamka nayo, naikuta jikoni. Ilinichukua siku kadhaa kujua inataka nini.

Inawataka wale wa banda refu. Niliwaona wote, pande zote mbili, nywele zimesimama utosini. Mdalasini alitoka kwa sababu kuna mwanamke anayemdai, na mwanamke huyo ana mtoto wa mdogo wake anayeweza kutia sahihi. Wale, wenye mali yao wenyewe ndio waliowaleta na kupeana mikono na Bosi. Hakuna atakayekuja na mkoba kugonga geti kwa ajili yao. Ulimwandikia Bosi sababu za tiba na ukaniambia zilikuwa za kweli tangu mwanzo. Basi ni za kweli kwa Mdalasini peke yake?

Aproni hiyo wamekuvisha ili uone haya uombe kurudi kwenye kizimba. Usiombe. Na wakikurudisha, maana watakurudisha, una mikono inayojua kazi, siku hiyo wakikuletea mtamba wa miaka miwili utakuwa umesimama mbele yake na hao watatu wamesimama nyuma yako. Mimi sitakuwepo hapo na baba yako mkubwa hayupo tena. Mitamba wale wana wewe.

Kwa hiyo barua yako ijayo usiniandikie kwamba ni wazima na wanang'aa. Niandikie ni nani umemkataza, na alijibu nini.

Mama mkubwa wako